Tundu Liwe Chini, Nati Isiwe Chini

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya kusini na mvua yake, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga. Magari yalilala kila upande. Njia zilipofunguliwa zilikuwa za muda: vifusi, mawe yaliyomwagwa kwa haraka, kokoto zisizoshindiliwa. Sisi wa Kilwa tuliendelea kuyasikia mawe hayo yakigonga matumbo ya magari muda mrefu baada ya habari zetu kuacha kutangazwa. Jiwe moja la barabara hii ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Jirani yangu ana pikapu ya Kimarekani, usukani kushoto, anayobebea ufuta kutoka vijijini. Jiwe liliibonyeza sampo ya gia boksi yake ya otomatiki bila kuitoboa. Siku mbili baadaye akaona jasho jekundu kwenye ukingo wa gasketi. Fundi wetu wa Nangurukuru akajilaza chini ya gari, akatoka na jibu fupi: "Mwalimu, sampo imeingia ndani, na hii haina nati ya kumwagia oili. Za zamani hizi nyingi hazina."

Kwa kuwa lazima ibadilishwe, jirani aliona afadhali anunue yenye nati. Duka moja la spea Kariakoo likatuma picha tatu. Ya kwanza ilikuwa sampo ya alumini ya kumimina, nene, ndefu kwenda chini, yenye mapezi ya kupooza, inang'aa kama sinia la harusi. Ya pili ilikuwa ya bati la chuma, kina kile kile cha ile iliyobonyea, na bushi ya nati imechomelewa kiwandani. Ya tatu haikuwa sampo bali kifurushi kidogo: toboa sampo yako, pitisha bolti yenye tundu katikati, kaza kwa nati ndani na washa nje. Bei zilishuka kwa mpangilio huo huo. Jirani akanigeukia. "Wewe unafundisha fizikia. Nichukue ipi?"

Swali hilo halijibiki kwa kutazama picha. Tuanzie chini kabisa.

Kwenye gia boksi ya mkono, oili imelala chini na meno ya gia yanaichota yanapozunguka. Kazi yake ni kulainisha, basi. Kwenye otomatiki hakuna pedali ya klachi. Oili ndiyo inayofanya kazi ya mguu. Chukua feni mbili za mezani, zitazamanishe, washa moja tu. Ile ya pili, ambayo hata waya wake haujachomekwa, itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Sasa zifungie feni hizo kwenye chungu kimoja na badala ya hewa ujaze oili. Hiyo ndiyo konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi. Oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu, ndiyo inayobana pleti za klachi za ndani ili gia zibadilike. Inalainisha pia, inabeba joto, na inabeba uchafu. Ikimaliza yote hayo inadondoka kwa uzito wake hadi kwenye beseni la chini, na kutoka hapo pampu inaivuta tena kupitia chujio. Beseni hilo ndilo sampo. Oili hupumzika hapo sekunde chache tu.

Feni inayosukumwa haiwezi kwenda sawasawa na inayoisukuma, angalau si wakati gari linavuta mzigo. Tofauti hiyo ya mwendo haipotei, inageuka joto. Tuseme pikapu imesheheni gunia, inapanda mlima polepole, injini inatoa kilowati 60, na konveta inapoteza asilimia 10. Hizo ni kilowati 6: sawa na pasi sita za umeme zimezamishwa kwenye oili. Gia boksi ya ukubwa huo tuikadirie lita 8 kwa jumla, kama kilo 6.6 hivi. Kila kilo ya oili inahitaji takriban kilojuli 2 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Piga hesabu: oili yote ikiwa haipoozwi popote, ingepanda nyuzi 10 kwa sekunde 22. Ndiyo maana kuna mabomba yanayoipeleka kwenye rejeta na kuirudisha. Na ndiyo maana oili ya otomatiki huchakaa hata kama haivuji tone: joto na hewa huila taratibu, na mafundi wa mafuta wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za ziada kasi ya kuharibika hukaribia kuwa maradufu.

Sasa ibadilishe. Hapa watu wengi hushangaa, maana wamezoea oili ya injini, ambayo ukifungua nati inatoka karibu yote. Kwenye otomatiki, ukiishusha sampo, kati ya lita 8 zinatoka kama 3. Nyingine zimejificha kwenye konveta, kwenye mabomba na kwenye njia nyembamba za ndani. Ukijaza lita 3 mpya na kuendesha ili zichanganyike, mle ndani ya zamani imebaki sehemu tano kati ya nane, asilimia 62.5. Rudia tena: inabaki asilimia 62.5 ya ile 62.5, yaani 39. Mara ya tatu, 24. Mara ya nne, 15. Ni kama chai iliyozidi rangi: ukimwaga kikombe na kuongeza kikombe cha maji, rangi inapungua kila mara, lakini kila kikombe kinaondoa kidogo kuliko kilichotangulia, na haitakuwa maji matupu kamwe.

Kwenye hesabu hii ndipo nati inapopata thamani yake. Bila nati, kila duru ya lita 3 inamaanisha kufungua bolti 14, kuinamisha beseni lililojaa oili ya moto juu ya uso wako, kuibandua gasketi, kuisugua, kununua nyingine. Nani atafanya hivyo mara tatu kwa mwezi? Hakuna. Anafanya mara moja, au hafanyi kabisa, na gia boksi inaishi na oili iliyo nyeusi kama kahawa. Ukiwa na nati, duru moja ni robo saa na lita 3. Mara tatu, umefikisha asilimia 76 ya oili mpya bila kugusa gasketi. Toyota nyingi za otomatiki tunazopanda huku zina nati hiyo tangu kiwandani, ile inayofunguliwa kwa alenki, na wenye magari hayo hawajui bahati waliyo nayo. (Ila tahadhari: kuna magari ambayo nati ya injini na ya gia boksi ziko jirani, na nimeona mtu akimwaga ya gia boksi akidhani ni ya injini, kisha akaongeza oili ya injini juu ya ile iliyokuwepo. Kabla ya kufungua, tambua kwanza beseni lipi ni la nani.)

Basi nati ni nzuri. Lakini nati ipi, na iwe wapi?

Mwitaliano Evangelista Torricelli aliuliza swali la namna hii katika miaka ya 1640: maji yanatoka kwa kasi gani kwenye tundu lililo chini ya chombo? Jibu lake ni kwamba yanatoka kwa kasi ile ile ambayo tone lingekuwa nayo kama lingeanguka bure kutoka juu ya uso wa maji hadi kwenye tundu. Kina cha oili kwenye sampo kikiwa sentimita 5, kasi hiyo ni karibu mita 1 kwa sekunde. Kikishuka hadi sentimita 1, inakuwa sentimita 44 kwa sekunde. Oili ina mnato mkubwa kuliko maji, hasa ikiwa baridi, kwa hiyo kwa kweli itakuwa polepole zaidi, ila mwelekeo ni huo: inaanza kwa nguvu na kumalizia kwa uvivu. Upana wa tundu una uzito mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo: tundu la milimita 14 linapitisha karibu mara mbili ya tundu la milimita 10. Hata hivyo tofauti hiyo ni ya dakika moja au mbili. Mtu anayesifia tundu kubwa anakusifia jambo dogo.

Kubwa ni hili: kanuni ya Torricelli inahesabu kina kutoka kwenye mdomo wa tundu. Oili iliyo chini ya mdomo huo haina kina chochote cha kuisukuma. Haitoki kamwe, hata ungoje hadi magharibi.

Rudi kwenye ile picha ya tatu, kifurushi cha bolti na nati. Nati yake inakaa ndani ya sampo, na mdomo wa tundu uko juu ya nati. Tuseme unasimama milimita 5 juu ya sakafu. Sakafu ya sampo ina sentimita 30 kwa 25, yaani sentimita 750 za mraba. Zidisha kwa nusu sentimita: mililita 375. Zaidi ya soda moja ya chupa inabaki ndani kila unapomwaga, nayo ni oili ya chini kabisa, iliyolalia uchafu. Halafu kuna jambo la pili: chujio la pikapu hii linaning'inia karibu sana na sakafu. Kichwa cha nati kikiligusa, ama chujio litapasuka ama mdomo wake utazibwa. Jirani aliipenda bei ya kifurushi kile. Nilimwomba akisahau.

Kuhusu uchafu wenyewe, kila aliyekulia kwenye nyumba yenye mtungi anajua mashapo. Maji ya kisima yakitulia usiku kucha, asubuhi ya juu ni safi na chini kuna tope laini. Chembe inazama kwa sababu ni nzito kuliko maji yaliyoizunguka, na inacheleweshwa na mnato wa maji. Mnato ukizidi, inachelewa. Chembe ikiwa kubwa mara mbili, inazama mara nne kwa kasi. Kwenye oili ya moto ya otomatiki, chembe ya chuma yenye mikroni 10, sehemu moja ya mia ya milimita, inashuka sentimita 4 kwa kama dakika 10. Oili ikipoa na kuwa nzito, chembe hiyo hiyo inahitaji karibu saa nzima. Chembe za klachi ni hadithi nyingine. Hizo ni nyuzi na gundi, uzito wake haupishani sana na wa oili, kwa hiyo huelea muda mrefu, zaidi ya saa mbili hata ikiwa moto.

Kutokana na hayo unajua saa ya kumwaga. Oili inayochemka itakuunguza mkono. Oili iliyolala usiku kucha imeshaacha uchafu sakafuni. Zima injini, ngoja nusu saa, fungua ikiwa vuguvugu. Chuma kitakuwa kimeshazama, lakini hicho kina sumaku ya kukikamata. Vumbi la klachi bado linaelea na litatoka na oili.

Sumaku inastahili sentensi zake. Sampo nyingi zina moja au mbili zimelazwa sakafuni, na nati nzuri huwa na nyingine kwenye ncha. Ukiikuta imevaa matope laini ya kijivu kama siagi ya chuma, huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vyenye kingo zinazokata, ni habari nyingine, na hapo nati haitakusaidia. Sumaku pia haioni kila kitu: shaba, alumini na klachi hupita mbele yake bila kuguswa. Kwa hiyo nati haiondoi kazi ya kuishusha sampo. Chujio bado litabadilishwa, sakafu bado itasuguliwa, ila mara chache zaidi. Muuzaji anayekuambia ukiwa na nati hutashusha sampo tena maishani anakudanganya.

Tuiangalie sasa ile inayong'aa.

Sifa yake kuu, alivyoandika muuzaji, ni kwamba alumini inapitisha joto vizuri, kwa hiyo itapooza gia boksi. Ni kweli alumini ya kumimina inapitisha joto mara mbili hadi tatu kuliko chuma. Lakini joto linalotoka kwenye oili kwenda nje lina safari mbili: kupita ndani ya bati, kisha kuruka kutoka kwenye bati kwenda hewani. Nilipolipigia hesabu bati la chuma la milimita 2, ukinzani wake kwa joto ulikuwa mdogo mara 500 hivi kuliko ukinzani wa tabaka la hewa linaloligusa gari likitembea. Ni kama abiria wanaotoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Kama mashua ni moja, kuipanua barabara ya kufika bandarini mara tatu hakumfikishi mtu upesi. Hewa ndiyo mashua. Kinachosaidia kidogo ni yale mapezi, kwa kuwa yanaongeza eneo linaloguswa na hewa. Sampo yenye eneo la mita 0.15 za mraba, oili ikiizidi hewa kwa nyuzi 60, inatoa wati 450 hivi. Ongeza eneo maradufu kwa mapezi, wati 900. Na mlimani tulikuwa na wati 6,000. Kazi hiyo inafanywa na rejeta. Mwenye shida ya joto asafishe mabomba na rejeta kwanza.

Kina nacho? Sampo ndefu inaongeza lita 2. Hesabu yetu ya pasi sita inabadilika kidogo: badala ya sekunde 22, nyuzi 10 zinachukua kama 28. Oili inachelewa kupata moto. Ikishapata, inafikia pale pale, maana kiwango cha mwisho kinaamuliwa na kinachopooza, si na wingi wa oili. Isitoshe, chujio likibaki kwenye urefu wake wa zamani bila kiungo cha kulirefusha, oili ya chini kabisa haizunguki ipasavyo. Kwa faida hiyo ndogo unalipa sentimita 5 za nafasi chini ya gari. Kwenye lami ya Dar ningesema sawa. Kwenye vifusi vya Somanga, sentimita 5 ni tofauti kati ya jiwe linalopita na jiwe linalogonga.

Na likigonga? Chuma laini kinachokunjwa kuwa sampo kinaweza kuvutika zaidi ya asilimia 20 ya urefu wake kabla hakijakatika. Alumini ya kumimina huvutika asilimia chache tu. Jiwe lina nishati yake na lazima iende mahali: chuma kinaimeza kwa kubonyea, alumini ikishindwa inapasuka. Sampo ya zamani ya jirani ilibonyea, na gari likafika nyumbani kwa magurudumu yake. Ingekuwa ya kumimina, huenda oili yote ingemwagika njiani, na pampu isiyo na oili haidumu. Kubonyea nako kuna hatari yake: sakafu ikiingia ndani hadi karibu na mdomo wa chujio, pampu inanyimwa oili hata kama hakuna tone lililovuja. Kwa hiyo sampo iliyobonyea ishushwe, hata ikiwa kavu.

Halafu kuna chumvi. Tunaishi pwani yenye mashamba ya chumvi; upepo wenyewe unaacha ukungu kwenye vioo. Bolti ya chuma ndani ya alumini, ikiloweshwa na maji ya chumvi, ni betri ndogo: umeme unapita kati ya metali mbili, na inayoliwa ni alumini. Baada ya miaka michache nati imeshikana na hesi zake, na ukiilazimisha unatoka na hesi zote za alumini zimening'inia kwenye nati kama unyoya. Chuma juu ya chuma nacho kinapata kutu, lakini kutu ya nje utaiona na kuipaka rangi mapema.

Kwa hiyo picha ya pili. Bado ilibaki kuulizwa jambo moja, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko mengine yote. Torricelli anataka tundu liwe chini kabisa, ili pasibaki mililita 375. Barabara inataka kitu cha chini kabisa kisiwe nati, kwa sababu kichwa cha nati kinachochomoza ndicho jiwe litakachokipiga kwanza, na bushi ikipindishwa, weldi inachanika. Matakwa mawili, sehemu moja. Fundi mzuri wa kiwandani anayapatanisha kwa kuchimba kishimo kidogo sakafuni: tundu liko kwenye kona ya chini, upande wa nyuma, na kichwa cha nati kimezama ndani ya bushi, kinafunguliwa kwa alenki badala ya spana ya nje. Nati nyingine huwekwa pembeni, kwenye ukuta wa chini wa sampo, ikitazama nyuma, nayo ni njia nzuri ilimradi mdomo wake uguse sakafu. Tulimwomba muuzaji apige picha ya ndani na ya pembeni. Ya pembeni ilionyesha kichwa kikichomoza kama milimita 4. Si kamili. Niliikubali kwa sababu ilikuwa nyuma ya kizingiti cha fremu, mahali ambapo jiwe likitokea mbele hukutana na fremu kwanza.

Wenye magari yenye gia boksi za ZF za gia sita, zikiwemo baadhi ya Land Rover na BMW, wana shauri lao: sampo zao ni za plastiki, chujio limejengwa ndani, na nati ipo, lakini chujio likichoka sampo nzima inatupwa. Wengine huifunga ya chuma yenye chujio la kando. Hoja za jiwe na tundu ni zile zile.

Kuna pia njia ya gereji zetu: ile ile ya zamani inyooshwe, itobolewe, ichomelewe bushi. Siidharau. Bushi ichomelewe kwa nje ili ndani pasichomoze kitu, na moto ukishapoa ukingo ukaguliwe upya, maana joto la weldi hupinda bati. Kabla ya kuifunga, paka chokaa upande mmoja wa weldi, upande wa pili mimina mafuta ya taa, ngoja. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili na hupenya hata tundu la sindano. Penye tundu, chokaa italowa doa.

Kabla ya kutuma pesa nilimfanya jirani achukue karatasi ya boksi, aiweke juu ya ukingo wa sampo ya zamani, achore umbo lake na kila tundu la bolti, kisha apime umbali wa mashimo mawili yaliyo mbali zaidi. Gia boksi mbili zinaweza kubeba jina la gari moja na mwaka mmoja huku sampo zake zikipishana tundu moja. Karatasi ilipigwa picha na rula juu yake. Duka likajibu kwamba inalingana, na kifurushi kikaja kwa basi.

Siku ya kufunga nilitaka kuona ukingo kabla ya gasketi. Tuliilaza sampo kifudifudi juu ya kioo cha dirisha; haikutikisika. Watu hudhani sampo huvuja kwa sababu oili ina nguvu. Nguvu gani? Kina cha sentimita 5 kinasukuma kwa paskali 400 hivi, wakati hewa inayotuzunguka inatubana kwa zaidi ya 100,000. Mtoto mchanga anaweza kulizuia tundu la kumwagia kwa kidole. Sampo huvuja kwa sababu ukingo haujanyooka, na mara nyingi ni sisi tulioupinda kwa kukaza.

Hesi ya bolti ni mlima uliozungushwa kwenye kijiti. Kata karatasi pembetatu, izungushie penseli, utaiona. Bolti ya kawaida ya milimita 6 inapanda milimita 1 tu kwa mzunguko mzima, kwa hiyo mkono unaosafiri mbali kwa nguvu ndogo unageuka kuwa safari fupi yenye nguvu kubwa. Kaza kwa nyutoni-mita 10, yaani uzito wa kilo 5 kwenye mkono wa spana wa sentimita 20, na bolti inabana kwa uzito unaokaribia kilo 800. Bolti 14 ni zaidi ya tani 11, zote juu ya gasketi moja dhidi ya paskali 400. Anayeongeza bomba kwenye spana ili "ishike vizuri" anakunja bati kati ya bolti na bolti, na hapo ndipo jasho linapotokea. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huishia kwenye msuguano; ukiilowesha bolti kwa oili, kipimo kile kile kitabana zaidi ya ulivyokusudia. Fundi alikaza kwa kupishana, kutoka katikati kwenda nje, duru mbili. Washa ya nati ilikuwa ya alumini laini: inabonyea mara moja ili izibe, na mara ya pili haina cha kubonyeza, kwa hiyo tuliagiza tano za akiba.

Kiasi cha kurudisha tulikipima kwa kilichotoka. Kisha injini ikawashwa, gia zikapitishwa zote, gari likaendeshwa, na oili ikapimwa kwa kijiti ikiwa moto, kama kijiti chenyewe kilivyoandikwa. Hili nalo lina sababu. Oili inatanuka kama sehemu 75 kwa 100,000 kwa kila nyuzi, kwa hiyo lita 8 zikipanda nyuzi 60 zinaongezeka zaidi ya theluthi moja ya lita. Ukijaza hadi alama ya moto gari likiwa baridi, umezidisha. Gia zitaipiga povu, na povu haliwezi kubana klachi kwa sababu hewa inabonyea. Aina ya oili ilifuata kitabu cha gari. Rangi nyekundu ni ya kutiwa tu na haikuambii chochote kuhusu kilichomo.

Wiki tatu baadaye jirani alinipigia simu niende nishuhudie duru ya pili. Alikuwa ameliegesha gari kwenye kijiteremko cha nyuma ya nyumba, pua juu, kwa kuwa nati iko nyuma. Kwa mteremko wa nyuzi 3 tu, kona ile ilikuwa chini ya kona ya mbele kwa sentimita moja na nusu. Oili ilitoka kwa kishindo, ikapungua, ikawa uzi, ikawa matone. Ndani ya ndoo ilikuwa kahawia badala ya nyeusi. Sumaku ya nati ilikuwa na matope laini, hakuna kipande. Akamimina yote kwenye dumu lililochorwa mistari ya lita, akafunga kifuniko ili lipelekwe gereji linakokusanywa na mengine, mbali na mikoko. Kisha akaokota chaki na kuandika ukutani, chini ya tarehe: lita 3 na robo.